Kurudisha ufundi shuleni Lamu: anza na mwenye kazi

Mwongozo huu nawaandikia walimu wakuu, wajumbe wa bodi na wazazi wa shule za Lamu zilizo mbali na mji: Faza, Siyu, Kizingitini, Matondoni, Kipungani, na kule bara, Hindi na Witu. Nimefundisha huku miaka mingi, na ninachokiamini ni hiki: ufundi utarudi shuleni siku shule itakapomwendea mtu aliyezidiwa na kazi na kuomba ibebe naye. Mfadhili wa mashine aje baadaye, akija.

Niliyoyaona ndiyo yaliyonifunza. Shule moja niliyofanya kazi ililetewa mashine za useremala, masanduku manne, zikapokewa kwa hotuba na ngoma. Msumeno mkubwa ulihitaji umeme wa laini tatu, na shule ilikuwa na laini moja. Hakuna aliyeuliza kabla. Chumvi ya bahari haingoji mtu, na masika mawili yalipopita nilifungua sanduku, nikapitisha mkono juu ya meza ya chuma, vidole vikatoka vyekundu kwa kutu. Hatua mia mbili kutoka lango la shule ile palikuwa na fundi wa milango aliyekuwa akitafuta vijana wawili wa kumsaidia. Hakuwahi kuitwa shuleni hata siku moja, wala sisi hatukuwahi kwenda kwake. Lawama ile nami naibeba, kwa sababu nilipita mbele ya karakana yake kila asubuhi.

Ufundi shuleni si jambo geni kwetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walichanga wakajenga karakana, na watoto wakafundishwa useremala, ushonaji, sayansi kimu na kilimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yalipunguzwa, na karakana nyingi zikageuka stoo za madawati mabovu. Sasa mtaala wa umilisi umeyarudisha. Gredi ya 7 hadi ya 9 wana somo la awali la ufundi, na Januari 2026 kundi la kwanza liliingia sekondari ya juu, ambako kati ya masomo ya ufundi limo la teknolojia ya bahari na uvuvi. Somo hilo ni kama limetungwa kwa ajili yetu. Lakini mwalimu wa kulifundisha kwa vitendo atatoka wapi? Yuko ufuoni, amechuchumaa chini ya boti.

Hatua ya kwanza: tembea na daftari

Kabla ya barua yoyote, chukua wiki mbili utembee. Anza langoni mwa shule, uende mpaka pale ambapo mwanafunzi anaweza kufika na kurudi siku hiyohiyo, kwa miguu au kwa boti. Andika kila mahali panapofanyika kazi ya mikono: anayetengeneza mashine za boti, seremala, fundi friji wa mwenye barafu, anayefunga sola, mwashi wa chokaa, fundi cherehani, fundi simu, mwenye kinu, wenye majahazi. Mpitie pia katibu wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kwa sababu yeye anajua vyombo vingapi viko majini na vingapi vimekaa juu kwa kukosa fundi.

Kila mmoja mwulize mambo matatu. Kazi gani unalazimika kumwita mtu kutoka Mombasa au Malindi? Chombo kilichoharibika mara ya mwisho kilikaa siku ngapi kabla ya kutengenezwa? Vijana uliowahi kuwachukua wakakushinda, walikushinda kwa lipi?

Swali la tatu ndilo zito, kwa hiyo usilipitie haraka. Mimi nilitarajia kusikia kwamba vijana ni wavivu. Nilichosikia kwa mafundi watatu tofauti ni kwamba vijana wanajua kufungua lakini hawajui kupima, hawaandiki walichofungua, na hawawezi kumweleza mteja kwa nini bei imefika pale ilipofika. Hayo yote ni mambo ya shule. Hesabu, kuandika na kuzungumza tunavyo darasani tele, ila tumevifungia humo. Hapo nikajua kwamba shule haiendi kwa fundi mikono mitupu.

Wenzetu wa mbali wameligeuza tembezi hili kuwa sheria. Marekani, sheria ya elimu ya ufundi iliyopitishwa mwaka 2018, inayojulikana kama Perkins ya tano, inazitaka shule na vyuo vinavyopokea fedha zake vifanye tathmini ya mahitaji angalau kila miaka miwili, tena pamoja na waajiri wa mahali. Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Daftari la kurasa themanini linatosha.

Hatua ya pili: chagua fani moja

Moja tu. Najua bodi itataka tano, na kila mjumbe ana jamaa yake fundi. Kataa kwa upole. Fani ya kuanzia iwe na sifa hizi: pawe na angalau wenye kazi wawili au watatu wanaofikika, vipuri vyake vipatikane Lamu mjini au Malindi, na kazi yake iwe na wateja mwaka mzima, wageni wakiwapo wasiwepo.

Kwa visiwa vyetu vingi nashauri mashine za boti. Hakuna kijiji cha pwani kisicho nazo, zinaharibika kila wiki kwa sababu ya chumvi na mchanga, na mvuvi ambaye mashine yake imekufa hali wala halali. Kwa Hindi au Witu mambo ni mengine. Huko kuna mashamba, na pampu za maji, sola na matengenezo ya pikipiki zinaweza kuwa bora zaidi. Daftari lako ndilo litakaloamua.

Ujenzi wa majahazi nao una nafasi yake ya pekee, hasa kwa shule iliyo karibu na Matondoni, ambako kazi hiyo ingali hai. Fundi wa majahazi hatumii mchoro. Anaweka mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, anasimamisha mataruma, yaani mbavu zake, na umbo lote limo kichwani mwake. Nilimwuliza mmoja anapimaje mpindo wa ubao, akanijibu, “Mwalimu, mato yangu ndiyo futi yangu.” Jicho hilo limepita mikononi mwa baba na babu, na likizikwa naye limekwenda. Wanafunzi wanaweza kulipima jahazi lililopandishwa, kutoka omo (mbele) hadi shetri (nyuma), wakalichora kwa mizani kwenye karatasi za grafu. Fundi atapata mchoro wa kumwonyesha mteja, nao watakuwa wamesoma hesabu ya uwiano kwa kitu wanachokigusa. Asikwambie mtu kwamba fani hii imepitwa na wakati. Flipflopi, dau la mita 9 lililozinduliwa hapa Lamu mwaka 2018, lilijengwa na mafundi wetu kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuvishwa ndara kama 30,000. Mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga mpaka Zanzibar. Waliolijenga walifuata njia za mababu, ila mbao ndizo zilizobadilika.

Hatua ya tatu: namna ya kumwendea mwenye kazi

Usimwite shuleni kwa barua yenye muhuri. Mwendee kwake, baada ya alasiri, kazi ikiwa imepoa. Kaa barazani, pokea kahawa, na utaje kwanza unachotoa. Kwa mfano:

“Ami, nina wanafunzi sita wanaosoma ufundi. Najua mashine zinakujia nyingi kuliko mikono yako. Nataka waje siku mbili kwa wiki wakati wa likizo, wawili wawili. Watakuandikia daftari la kila mashine iliyoingia, tatizo lake, kilichobadilishwa na bei. Kazi ya kufungua na kufunga utawafundisha wewe.”

Kisha nyamaza usikilize. Hofu zake mara nyingi ni tatu. Ya kwanza ni kupoteza muda, na jibu lake ni kwamba wanakuja wachache, tena na mwalimu. Ya pili ni ajali, na hiyo nitaieleza kwenye makubaliano. Ya tatu huenda asiitamke mpaka umemzoea: “Nikiwafundisha wote hawa, kesho nani ataniletea mashine?” Usiicheke hofu hii, kwa sababu ana watoto wa kulisha. Mwambie ukweli kwamba boti zinaongezeka, kwamba tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021 kazi za majini zinataka watu wenye vyeti, na kwamba mwenye karakana yenye vijana wanne huchukua kazi ambazo mtu peke yake angezikataa. Asiposadiki, mwache. Mwendee mwingine.

Usiombe pesa siku hiyo, wala mwezi huo. Ukishaomba pesa umeshamweka kwenye orodha ya wafadhili, na mfadhili hukaa mbali. Wewe unataka mtu ambaye mwanafunzi akifunga nati vibaya, hasara inamfikia yeye, kwa maana huyo atafundisha kwa makini.

Ukishampata, mpe kiti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inairuhusu bodi ya shule kuongeza wajumbe wasiozidi watatu wenye ujuzi wa kuisaidia. Nafasi hizo mara nyingi hubaki tupu au hupewa watu wakubwa wasiohudhuria. Mpe fundi moja. Akiwa bodini, vifaa visivyofaa havitanunuliwa tena, maana atauliza umeme ni wa laini ngapi.

Hatua ya nne: makubaliano ya ukurasa mmoja

Yaandikwe kwa Kiswahili ambacho fundi atakisoma mwenyewe bila mkalimani, yasainiwe na pande zote, wazazi wakiwemo. Yaseme nani anakuja, siku gani na saa ngapi, kazi wanazoruhusiwa kufanya na wasizoruhusiwa, nani anasimamia, chakula cha mchana kinatoka wapi, na kikivunjika kifaa analipa nani. Hili la mwisho liandikwe waziwazi. Spana iliyotumbukia baharini imewahi kuvunja urafiki mzuri mbele ya macho yangu.

Umri ni jambo la sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 inamruhusu kazi nyepesi tu, zisizomdhuru wala kumzuia kusoma. Kwa hiyo wa gredi ya 7 hadi ya 9 wapeleke kutazama, kupima, kuchora na kuandika. Spana na mashine inayonguruma ziwangoje wa sekondari ya juu. Mwanafunzi asichukuliwe kufidia kibarua aliyeondoka. Ukiona wanabebeshwa madumu ya petroli asubuhi hadi jioni, warudishe shule siku hiyohiyo.

Tafuta bima ya ajali ya kikundi kabla ya siku ya kwanza. Mtu mzima yeyote atakayekaa na watoto awe na cheti cha tabia njema kutoka polisi, hata kama ni jirani yako. Ukitaka baharini, kila mtoto awe na jaketi la kuokoa maisha, na asiyelivaa abaki ufuoni.

Kuhusu wasichana nataka kusema zaidi, kwa sababu hapa ndipo programu nyingi hupotezea nusu ya darasa kimyakimya. Mzazi hatamkataza binti yake mbele yako. Ataitikia, na siku ya kwenda atasema anaumwa. Zungumza na akina mama kabla. Wasichana waende wawili au zaidi, pamoja na mwalimu wa kike au mama wa kamati, karakana iwe ya wazi inayoonekana na wapita njia, na saa ya kurudi iwe kabla ya madrasa. Na usiwachagulie cherehani kwa sababu tu ni wasichana. Mikono iliyozoea kutia vito kwenye kofia, tundu kwa tundu, nimeiona ikichomelea risasi kwenye nyaya za sola kwa utulivu ambao wavulana walichukua muda kuupata.

Hatua ya tano: fuata kalenda ya bahari

Kalenda ya wizara na kalenda ya bahari zinakutana pazuri, tukitaka. Likizo ya Aprili inaangukia upepo wa kusi unapoanza. Wageni wamepungua, hoteli za Shela zinafunga kwa ukarabati, na vyombo vingi vinapandishwa. Huo ndio wakati fundi anapohitaji watu. Likizo ya Agosti kusi lingali linavuma, kwa hiyo kazi za juu zinaendelea. Desemba ni kaskazi, boti zote ziko kazini, na fundi hana nafasi ya kumweleza mtu kitu. Mwezi huo fanyeni kazi za madaftari.

Ndani ya likizo yenyewe, panga kwa bamvua. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa sana na kupwa sana, na hapo ndipo chombo huingizwa juu, kikakwanguliwa, kikatiwa kalafati ya kuziba nyufa na kupakwa. Ukiwapeleka wanafunzi wakati wa maji mafu watakuta ufuo mtupu. Ijumaa waache. Ramadhani, ambayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, ipangie asubuhi fupi.

Hatua ya sita: somo la kwanza liwe dogo na liwe kamili

Nitaeleza moja kwa kina ili uone nini maana ya kamili.

Mashine ya boti imesimamishwa kwenye gogo. Chini ya giaboksi kuna skrubu mbili, moja chini na moja juu. Fundi anaweka bakuli jeupe, anafungua ya chini kwanza, kisha ya juu ili hewa iingie na oili ishuke. Mwanafunzi anatazama rangi. Ikitoka nyeusi au ya hudhurungi, ni ya zamani, ibadilishwe tu. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na giaboksi hiyo ikiachwa meno yataliwa na kutu. Maji yameingilia wapi? Fundi anang’oa propela, na nyuma yake mwanafunzi anauona mshipi wa kuvulia umejizongazonga kwenye shafti, umeikata sili ya mpira. Uzi wa shilingi chache umeua mashine ya maelfu. Wakisha kubadilisha sili, oili mpya inasukumwa kutoka tundu la chini mpaka itokeze tundu la juu, maana ukiimimina kutoka juu hewa inabaki ndani. Inafungwa skrubu ya juu kwanza, ndipo ya chini, kila moja na washa mpya.

Yote hayo hayamalizi saa mbili. Sasa daftarini mwanafunzi anaandika: tarehe, mwenye mashine, nguvu ya mashine, rangi ya oili, sababu, vipuri, bei ya vipuri, bei ya kazi. Jioni anamweleza mwenye boti kwa mdomo wake mwenyewe, na kumwonya akwangue mshipi nyuma ya propela kila wiki na kuisuuza mashine kwa maji tamu kila akitoka baharini. Darasani kesho yake, mwalimu wa hesabu anayachukua madaftari sita na kuuliza: mwezi huu sili zilizokatika ni ngapi kati ya mashine ngapi? Mwalimu wa sayansi anauliza kwa nini oili na maji vikipigwa pamoja vinakuwa vyeupe. Hapo shule na karakana zimekuwa kitu kimoja.

Vifaa vya shule viwe vichache: seti moja ya spana, bisibisi, koleo, bakuli, grisi. Visipopakwa grisi na kufungiwa kwenye sanduku lisiloingiza hewa ya bahari, vitaisha ndani ya mwaka.

Hatua ya saba: cheti

Ujuzi usio na cheti unamfikisha kijana mwisho wa kisiwa. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza. Vyuo vya mafunzo ya ufundi vya vijijini, ambavyo zamani tuliviita polytechniki za vijana, viko chini ya kaunti. Zungumza na meneja wa chuo kilicho karibu mapema, ili wanafunzi wako wakimaliza wapokewe na daftari lao lisomwe.

Fundi mwenyewe usimsahau. Wengi wa mafundi wetu bora hawana hata karatasi moja. Kenya ina sera ya 2024 ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, kwa hiyo fundi anaweza kupimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani. Msaidie kukusanya ushahidi: picha za kazi, majina ya wateja, na yale madaftari ya wanafunzi. Hakuna zawadi ya shule ninayoijua inayomfaa zaidi.

Wakubwa, mwishoni

Hoteli, makampuni ya bandari na wenye vyombo vikubwa wafuate baada ya mwaka mmoja, ukiwa na madaftari yaliyojaa. Usiombe jengo. Omba mashine mbovu za kufungulia, miwani na glavu, na mhandisi wao aje siku moja kwa muhula. Kwa mwajiri anayelipa ushuru wa mafunzo wa NITA, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, mkumbushe kwamba anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa kabla. Wengi wanalipa bila kudai.

Ukitaka kuanza mwaka ujao, Januari tembea na daftari. Februari kaa barazani. Machi wakutanishe wazazi, saini makubaliano, lipa bima. Kisha mwulize fundi bamvua ya kwanza ya likizo ya Aprili inaangukia siku gani, uwapeleke wanafunzi wawili wa kwanza asubuhi hiyo, kabla maji hayajajaa.